Kinachopita na Kinachobaki

Baada ya usiku usio na mwezi, taa za wavuvi zikishazimwa na mitumbwi ikisharudi, ndagala wa Nyanza-Lac, Burundi, humwagwa juu ya vichanja vya waya vilivyojipanga kando ya Ziwa Tanganyika. Hawakuanikwa hivyo siku zote. Kwa miaka mingi walilazwa mchangani, na aliyenunua kilo ya samaki alinunua pia punje za mchanga, unyoya wa kuku na chochote ambacho mbuzi alikiacha alipopita. Mvua ikinyesha, jasho la usiku mzima lilioza papo hapo. Ilikuwa katika miaka ya 2000 ndipo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipowasaidia wanikaji wa Mvugo, upande huuhuu wa Nyanza-Lac, kumnyanyua samaki kutoka ardhini na kumlaza juu ya waya. Hakuna fahari yoyote katika uvumbuzi huo: nguzo, mbao, waya. Lakini simama karibu nao uangalie. Maji yanadondoka, hewa inapita chini na juu, samaki anabaki. Waya wenye matundu makubwa ungemwangusha ndagala kwenye uchafu uleule aliokimbizwa. Bati lisilo na tundu lingemwozesha katika maji yake mwenyewe. Kichanja hakisifiwi kwa kufunga wala kwa kufungua. Kinasifiwa kwa kipimo cha tundu.

Kila anayewageuza ndagala hao juani amebeba tumboni kichanja kingine. Ngozi ya kisigino cha mvuvi imepangwa tabaka juu ya tabaka, lakini ndani ya utumbo, mahali ambapo ulimwengu wa nje unaingia kila siku kwa jina la chakula, mpaka kati yetu na huo ulimwengu una unene wa seli moja tu. Upande mmoja wa mpaka kuna ugali wa muhogo uliomeng'enywa nusu, kuna kinyesi kinachojitengeneza, kuna bakteria wanaokadiriwa kufika trilioni 38 kwa mtu mzima. Upande wa pili kuna damu. Katikati, safu moja ya seli iliyopakwa ute, ambayo ingekunjuliwa yote ingefunika mita za mraba zipatazo 30. Na seli hizo hazikai: kila moja huishi siku 3 hadi 5, hubanduka, nyingine ikashika zamu. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Utumbo hauna anasa ya kuchagua kati ya hayo mawili, kwani huujenga ukuta upya kila wiki, ufa uwepo usiwepo. Kati ya seli na jirani yake kuna vifungo vya protini vinavyokaza na kulegea. Maji, chumvi na chembe ndogo hupenya. Kikubwa kinapaswa kubaki ng'ambo.

Kikubwa kinachotuhusu hapa ni kipande cha gamba. Bakteria wengi wa utumboni wamevaa koti la nje la mafuta na sukari ambalo wataalamu huliita lipopolisakaridi, au endotoksini kwa jina la zamani. Bakteria anapokufa, hata anapokua, vipande vya koti hilo humwagika. Vikiwa ndani ya utumbo havimdhuru mtu. Tumeishi navyo tangu wiki ya kuzaliwa. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, lakini huyu hali mtu maadamu anakaa nguoni. Vifungo vikilegea kupita kiasi, vipande vinavuka. Mshipa unaotoka utumboni huvipeleka kwanza kwenye ini, ambako walinzi maalumu huvimeza. Walinzi wakizidiwa, vinaingia katika mzunguko wa damu ya mwili mzima, na humo vinakutana na seli za kinga zenye kipokezi ambacho Bruce Beutler alikibaini mwaka 1998 kuwa ndicho kinachoitambua endotoksini, kazi iliyomletea sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kipokezi hicho hakiulizi kama bakteria yu hai au amekufa, kama amevamia au ni koti lake tu lililopotea njia. Kinaamsha mwili wote. Endotoksini ikiwa nyingi na ya ghafla, joto hupanda, shinikizo la damu huporomoka, na mtu anaweza kufa kwa juhudi za mwili wake mwenyewe. Ikiwa kidogo, ya kila siku, hakuna homa wala kilio. Kunabaki mchochota wa chinichini, moto usiotoa moshi. Ini linatengeneza protini za vita. Madini ya chuma yanafichwa bakteria wasiyapate, na damu yenyewe inayakosa. Homoni inayorefusha mifupa inapungua. Hamu ya kula inakwisha. Mtoto anakula, na alichokula kinachomwa na moto huo kabla hakijafika kwenye mfupa.

Haya yote tumefundishwa na kipindupindu. Mwaka 1892, katika taasisi ya Robert Koch mjini Berlin, Richard Pfeiffer alikuwa akiwadunga simbilisi vijidudu vya kipindupindu. Aliwaona simbilisi wenye kinga wakiviangamiza vijidudu hivyo vizuri kabisa, kisha wakafa. Alivichemsha vijidudu mpaka vikafa, akawadunga wengine, wakafa nao. Akahitimisha kwamba sumu ni mwili wenyewe wa kijidudu, na kwamba kumuua mdudu ni kuifungulia sumu hiyo. Endotoksini ilizaliwa hapo kama wazo. Miaka 99 baadaye, mwaka 1991, Alessio Fasano na wenzake mjini Baltimore, wakihangaika na chanjo ya kipindupindu iliyokuwa ikiwaharisha watu waliojitolea kuijaribu, walipata kwamba kijidudu kina sumu nyingine, ndogo, inayolegeza vile vifungo kati ya seli na seli. Wakajiuliza: kwa nini mwili uwe na kufuli ambalo ufunguo wake anao mdudu? Mwaka 2000 wakatangaza kwamba mwili una ufunguo wake wenyewe wa jamii hiyo, wakauita zonulini. Yaani maarifa ya ukuta na maarifa ya kinachopita ukutani, yote mawili, yalichimbwa kutoka kwa ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo una makazi kwenye mwambao huu.

Rumonge, kwenye mwambao huuhuu, inaujua. Kipindupindu kilipita Burundi mwaka 1978, kikanyamaza, kikarudi mwaka 1992. Watafiti waliofika Rumonge wakati huo, ambao ripoti yao ilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1997, waliwauliza wagonjwa na wazima walikooga na walikochota maji, wakapata kijidudu chenyewe ndani ya maji ya Tanganyika. Kuoga ziwani kulihusika, kunywa kulihusika. Ukiwaza jinsi watu wa mwambao wanavyoishi, hilo ni sawa na kuambiwa kwamba kuishi kulihusika. Kisha Mei 2015, watu wa Nyanza-Lac na tarafa jirani walipoikimbia misukosuko ya kisiasa, makumi ya maelfu yao walijikuta Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, hatua chache kutoka mpakani. Hakukuwa na barabara. Kulikuwa na MV Liemba, meli ya Wajerumani ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliyotia nanga mbali kidogo na kuwasubiri waletwe kwa mitumbwi wapelekwe Kigoma. Kulikuwa na maji ya ziwa, na vyoo visivyotosha hata kijiji chenyewe. Ndani ya wiki chache wagonjwa walifika 3,000 hivi, na waliokufa walizidi 30. Dunia ilitazama, madripu yakaletwa, idadi zikatangazwa kila siku.

Idadi hutangazwa kwa sababu kipindupindu kina kelele. Huja saa ya usiku, hukausha mtu mzima kabla ya jioni, humwacha macho yamezama na vidole vimekunjamana. Na hapa kuna jambo ambalo sijaacha kulishangaa: pamoja na ghasia zote hizo, kipindupindu kwa kawaida hakiubomoi ukuta. Sumu yake kuu huziamuru seli zitapike chumvi na maji, lakini seli zenyewe hubaki zimesimama kwenye safu. Ndiyo maana maji ya chumvi na sukari, yaliyojaribiwa na David Nalin na Richard Cash mjini Dhaka mwaka 1968, yanamrudisha mtu kutoka mlangoni mwa kaburi. Mlango wa sukari ungali mzima, na sukari ikipita huivuta chumvi, chumvi ikavuta maji. Mgonjwa wa Kagunga aliyewahiwa alipona kwa sababu ukuta wake ulikuwepo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Ugonjwa unaotafuna ukuta wenyewe hauna mkurupuko, hauna hema jeupe, hauna msemaji wa wizara.

Walioupima mapema walikuwa Gambia, katika kijiji cha Keneba. Kipimo chao kilikuwa kinywaji chenye sukari mbili, moja ya chembe ndogo na moja ya chembe kubwa. Mtoto hunywa, kisha mkojo wake hukusanywa. Ndogo inatarajiwa kupita. Kubwa haina ruhusa. Ikionekana kwenye mkojo, basi imepenya pasipostahili. Mwaka 1991 Peter Lunn na wenzake walikadiria kwamba kuvuja huko kungeweza kueleza hadi asilimia 43 ya kudorora kwa ukuaji wa wachanga wa pale. Mwaka 2003 watafiti wa Keneba walikwenda mbele zaidi wakaonyesha mnyororo mzima: utumbo unaovuja, damu yenye alama za kupambana na endotoksini, mchochota wa mwili, na kimo kinachobaki nyuma. Wengi wa watoto hao hawakuwa wakiharisha siku walipopimwa. Hapo ndipo penye uzito. Mtoto huyo anacheza, anacheka, analetwa kliniki kwa chanjo, na ndani yake vile vijidole vidogo vya utumbo vinavyofyonza chakula vimefupika na kusawazika, na damu yake iko vitani kila siku na adui asiyekuwepo.

Ulipofanyika uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa Burundi wa 2016 na 2017, asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikutwa na udumavu, kiwango kilicho miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Udumavu una wazazi wengi: mashamba yanayogawanywa mpaka yanakwisha, mimba zinazokaribiana, mlo wa aina moja, malaria, vita vilivyopita na bei zilizopo. Sitaki kuupa utumbo lawama yote. Lakini kadi ya kliniki ina mstari wa uzito na mstari wa urefu, haina mstari wa ukuta. Mama anaambiwa mtoto wako hali vizuri, mlishe. Anarudi nyumbani na ndagala na maharage na mawese, anamlisha, na mwezi ujao anaambiwa hivyohivyo.

Huwa nalitazama ziwa nikifikiri kwamba nalo linayajua mambo ya ukuta. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, na chini ya mita 200 hivi hakuna hewa ya oksijeni. Sehemu kubwa ya maji haya tunayoyasifu ni giza ambamo samaki hawezi kuishi. Ndagala, mukeke na sangala wote wanaishi kwenye tabaka la juu, na kinachowatenga na vilindi ni tofauti ya joto tu. Mtu angesema, basi mpaka huo na uwe imara milele. Sivyo. Chakula cha ziwa kimezama chini, na pepo za kusini za kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ndizo zinazolisukuma tabaka la juu na kuruhusu kidogo cha chini kipande. Mwaka 2003 wanasayansi walionyesha kwamba kadiri maji ya juu yanavyopata joto, mpaka unakaza, vilindi vinapanda kwa shida, na ziwa linazidi kuwa na njaa. Mpaka usiovuja kabisa nao unaua. Mtoto angezaliwa na utumbo uliozibwa kama chupa asingeishi wiki.

Ninapofika hapa nalazimika kuiangalia kalamu yangu. Nimeandika walinzi, nimeandika vita, nimeandika adui. Lugha ya kinga ya mwili imejaa maneno hayo na ni vigumu kuyakwepa. Lakini naandika juu ya mwambao ambako, Aprili 1972, mashambulizi yalianzia upande huu wa Rumonge na Nyanza-Lac, na kisasi cha dola kilichofuata kikaenea nchi nzima na kuua watu wasiohesabika vizuri hadi leo. Wengine wakavuka kwenda Tanzania, wakarudi baada ya miongo kadhaa kukuta wengine kwenye viwanja vyao. Eneo hili la Maziwa Makuu limewahi kusikia binadamu wakiitwa wadudu, na tunajua kilichofuata. Basi naomba mfano huu ubaki tumboni. Na hata tumboni, bakteria si mgeni wala mvamizi. Ni mkazi, anayetusaidia kumeng'enya na kutengeneza baadhi ya vitamini. Kosa ni kipimo kilichopotea.

Kwingineko, jambo hilihili limekuwa biashara. Mijini, na katika simu za wenye simu, utumbo unaovuja umetwikwa kila lawama: uchovu, chunusi, huzuni, maumivu ya mgongo. Kuna unga wa kuuziba, kuna vidonge, kuna vipimo. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba vipimo vya kibiashara vya zonulini walivyovichunguza havikuwa vikipima zonulini bali protini nyingine zinazofanana nayo. Sayansi yenyewe bado inabishana na ina haki ya kubishana. Mwaka 2006 kuvuja kwa endotoksini kulielezwa kuwa injini ya mchochota katika maambukizi ya virusi vya UKIMWI, lakini watafiti waliofuatilia watu wa Rakai, Uganda, waliandika mwaka 2009 kwamba kwao haikupanda kadiri ugonjwa ulivyoendelea. Mwenye shibe ananunua unga wa kuziba tundu ambalo huenda hana. Mtoto aliye nalo hajulikani kama analo. Sioni sababu ya kuwa na adabu mbele ya biashara hiyo.

Basi ukuta wa mtoto unavujaje? Kwa kumeza kinyesi kidogokidogo, kila siku, bila kuugua. Watafiti wa Zimbabwe waliokaa na kuwatazama watoto wachanga wakitambaa uani waliwaona wakiweka udongo mdomoni, na wengine kinyesi cha kuku. Kuku! Tuliyempigia mahesabu ya mayai na mboga, hatukumpigia hesabu ya uani. Ukuta unazidi kuvuja kwa vitamini A inapopungua, kwani seli zinazojijenga kila baada ya siku chache zinaihitaji. Na hapo mwambao huu una utajiri ulio wazi: mawese mekundu ya Rumonge na Nyanza-Lac yamejaa kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ilimradi hayachemshwi mpaka wekundu utoweke. Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo yanaulinda pia, kuliko chochote kinachouzwa kwenye kopo.

Kisha kukaja matumaini ya choo na sabuni. Mwaka 2009 mtafiti Jean Humphrey aliandika kwamba huenda utumbo unaochafuliwa ndio kiini cha udumavu kuliko kuhara kwenyewe, na majaribio makubwa yakapangwa. Magharibi mwa Kenya, katika Kakamega, Bungoma na Vihiga, zaidi ya wajawazito 8,000 waliandikishwa, na vikundi vyao vikagawiwa klorini ya maji, vyoo bora vya shimo, vifaa vya kunawia mikono, chakula cha nyongeza. Zimbabwe wakaongeza hata mkeka wa kuchezea ili mtoto asile udongo. Majibu yalitoka 2018 na 2019. Chakula cha nyongeza kiliongeza kimo kidogo. Vyoo, sabuni na klorini havikuongeza kimo hata kidogo. Baadhi ya watu walifurahi kusikia hivyo, wakasema basi usafi hauna maana. Wasomaji makini walielewa vingine: nyumba moja yenye choo kizuri katikati ya kijiji kisicho na maji ya bomba inapunguza uchafu, lakini haiupunguzi kiasi cha utumbo kuhisi tofauti. Watafiti wenyewe waliandika kwamba kinachotakiwa ni mageuzi ya mazingira yote. Yaani tumekuwa tukimtaka mama ajenge kwa mikono yake, kwa sabuni na ndoo, ukuta ambao kwingine ulijengwa na serikali.

Kwingine huko ni wapi? Mwaka uleule wa 1892, Pfeiffer akiwa na simbilisi wake, kipindupindu kiliingia Hamburg, mji uliokuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Walikufa watu zaidi ya 8,000. Altona, mji uliopakana nao, nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, ulichota maji kwenye mto huohuo, sehemu iliyo chafu zaidi kwa kuwa ilikuwa chini ya mifereji ya Hamburg, lakini uliyapitisha kwanza kwenye mchanga. Altona ulinusurika kwa sehemu kubwa. Watu wa upande mmoja wa mtaa hawakuwa wakinawa mikono zaidi kuliko wa upande wa pili, wala hawakuwa na elimu ya afya kuwazidi. Walikuwa na mchanga kati yao na mto. Hamburg ulimaliza mtambo wake wa kuchuja mwaka uliofuata.

Ziwa Tanganyika limepanda miaka hii, limeingia kwenye nyumba za Rumonge na kwenye vyoo vya watu, na maji yaliyotoka vyooni yamerudi ziwani mahali tunapochota. Kwa hiyo ninyi mnaopanga bajeti za mkoa mpya wa Burunga, na ninyi wafadhili mnaopenda kupiga picha ndoo za kunawia: leteni mtambo wa kuchuja, bomba hadi uani, sakafu ya saruji, banda la kuku lenye mlango. Vichanja tayari tumevipata, na ndagala wetu hawalali tena mchangani. Watoto bado wanatambaa humo.